Maswali ya Wasomaji: Udruidi wa Wakelti kwa Mkaazi wa Nairobi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanamke wa umri wa miaka 29 na ninaishi Umoja, Nairobi. Nimelelewa kanisani, nami sina ugomvi na mtu yeyote huko. Hata hivyo, kwa muda wa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikisoma habari za Wadruidi na imani za kale za Wakelti, na moyo wangu umevutwa mno na jinsi walivyoiheshimu miti, maji na majira. Je, dini hii ni ya kale kweli, na mtu wa Nairobi anaweza kuifuata bila kujidanganya?

JIBU: Dada mpendwa, nimelirudia swali lako mara kadhaa kwa sababu ya maneno yake mawili ya mwisho. Anayetaka kuabudu bila kujidanganya anastahili kuambiwa ukweli wote, hata ule utakaompunguzia utamu wa aliyoyasoma.

Wadruidi walikuwapo, hilo halina shaka. Walikuwa wataalamu wa dini, sheria na elimu miongoni mwa Wakelti wa Gaul, yaani Ufaransa ya leo, na vilevile Uingereza na Ayalandi. Julius Caesar, aliyeiteka Gaul katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba walisimamia kafara, waliamua kesi za mirathi, mipaka na mauaji, hawakulipa kodi wala kwenda vitani, na walifundisha kuwa roho haifi bali huhamia mwili mwingine. Anasema pia kwamba baadhi ya wanafunzi wao walikaa mafunzoni miaka 20 wakikariri mashairi, kwa kuwa haikuwa halali kuyaandika mafundisho yale. Hapo ndipo hasara yetu ilipo. Warumi walipowapiga marufuku, na jeshi lao lilipokivamia kisiwa cha Anglesey huko Wales mnamo mwaka wa 60 au 61 na kuikata misitu yao mitakatifu, yaliyohifadhiwa vifuani yalizikwa pamoja na wenyewe. Hatuna hata sala moja iliyoandikwa na Mdruidi wa kale. Tulicho nacho ni maelezo ya wageni, wengi wao wakiwa maadui, na hadithi za Ayalandi zilizoandikwa na watawa wa Kikristo karne nyingi baadaye.

Kwa hiyo Udruidi unaousoma leo, dada yangu, ni mchanga. Ulianza kuundwa upya katika karne ya 18, wakati wasomi wa Uingereza walipodhani kuwa Stonehenge ilikuwa hekalu la Wadruidi, ingawa mawe yale yalisimamishwa zaidi ya miaka 2,000 kabla Caesar hajazaliwa. Mwaka wa 1792, mshairi wa Wales aliyejiita Iolo Morganwg aliendesha sherehe katika kilima cha Primrose Hill, London, akidai kwamba aliirithi kutoka kwa wahenga. Baadaye wataalamu walithibitisha kuwa sehemu kubwa ya maandiko aliyoyatoa aliyatunga mwenyewe. Chama kinachojulikana zaidi leo, Order of Bards, Ovates and Druids, kiliasisiwa mwaka wa 1964. Hata mzunguko wa sikukuu nane unaofuatwa na vikundi vingi ulikamilishwa katika karne hiyo hiyo ya 20, ingawa nne kati yake, ikiwemo Samhain ya mwanzo wa Novemba, zina mizizi ya kale huko Ayalandi.

Je, uchanga huo unaifanya njia hii kuwa ya uongo? Kwa maoni yangu, la. Uongo ni kusema umerithi kitu ambacho hukurithi. Mtu akikiri kwamba anafuata ibada ya siku hizi iliyochochewa na watu wa kale, hajamdanganya mtu, wala nafsi yake.

Nairobi ndipo swali lako linapokuwa zito. Sikukuu nne za zile nane hufuata jua: siku ndefu kupita zote, siku fupi kupita zote, na siku mbili ambazo usiku na mchana hulingana. London mwezi wa Juni mwanga wa mchana hudumu zaidi ya saa 16, na Desemba haufiki saa 8. Mtu wa huko aliyekaa gizani miezi kadhaa ana sababu ya kuwasha moto na kushangilia jua linaporudi. Sisi tulio karibu na ikweta, tofauti hiyo haizidi dakika kumi hivi. Ukiwasha mshumaa tarehe 21 Desemba kuliita jua lirudi, utakuwa unaliita jua ambalo halikwenda popote. Hapa kinachoondoka na kurudi ni mvua. Kama Udruidi ni kuisikiliza ardhi unayoikanyaga, basi kalenda yako ni masika na vuli, na harufu ya udongo wa Umoja siku ya mvua ya kwanza.

Na miti vilevile. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa kale, anasimulia kwamba Wadruidi waliuheshimu mwaloni, hasa ulipoota juu ya matawi yake mmea unaoishi kwa kunyonya mti mwingine. Kuhani aliyevaa nguo nyeupe aliukwea na kuukata mmea huo kwa mundu wa dhahabu. Niliposoma hayo niliukumbuka mugumo, ambao Wakikuyu waliomba chini yake wakiuelekea Mlima Kenya, na ambao nao mara nyingi huanza maisha yake juu ya mti mwingine. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Nasema kwamba kabla hujaagiza mafunzo ya ng'ambo, keti kwanza na wazee wa kwenu uwaulize ni mti upi haukukatwa, na kwa nini. Pwani, misitu ya makaya ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2008, na wazee wanaoijua miiko yake wangali hai. Wakelti hawakuachiwa wazee wa kuwauliza.

SWALI: Mhariri, binti yangu amevutwa na mambo haya ya Wadruidi, nami nimesikia kwamba walichoma watu moto. Je, nimzuie? Mama, Lang'ata.

JIBU: Mama, Caesar anaandika hivyo kweli, kwamba watu walitiwa ndani ya sanamu kubwa zilizosukwa kwa fito na kuteketezwa. Kumbuka kwamba aliyeandika ndiye aliyekuwa akiwapiga vita, ingawa wataalamu wengi hawalikatai kabisa suala la kafara za watu. Vikundi vya leo havifanyi jambo hilo. Kimoja chao, The Druid Network, kilisajiliwa mwaka wa 2010 kuwa shirika la hisani la kidini nchini Uingereza. Kama binti yako ni mtu mzima, Kifungu cha 32 cha Katiba yetu, kinachohusu uhuru wa dini, kinamlinda. Usimfokee. Mwombe akueleze anachokisoma, uulize ni nani anayemfundisha na kama anatakiwa kutoa pesa au kuificha familia yake jambo lolote. Akijibu kwamba anatakiwa kuficha, hapo ndipo pa kuingilia kati.