Maswali na Majibu: Tuvipimeje Vituo vya Kuchaji Magari ya Umeme Kanda ya Ziwa?

Barua nilizochagua safari hii zimetoka Mwanza, na zote zinahusu vituo vya hadhara vya chaji ya haraka: namna ya kujua kama mtandao unaotangazwa unafaa kutegemewa barabarani. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo naona wasomaji wanaweza kupoteza fedha au kukwama njiani.

Msomaji wa Nyegezi: Kampuni ya chaji inasema vituo vyake hufanya kazi kwa asilimia 98 ya muda wote. Je, niiamini?

Usiiamini mpaka ikueleze asilimia hiyo imepatikanaje. Mwaka 2022 watafiti huko California walizungukia vituo vya hadhara vya chaji ya haraka katika eneo la San Francisco Bay, wakakagua plagi 657, na wakakuta zinazofanya kazi ni asilimia 72.5 tu, ilhali wenye mitandao walikuwa wakitaja asilimia 95 hadi 98. Si lazima mtu awe amedanganya. Chaja inayowasiliana na makao makuu inaweza kuhesabiwa kuwa nzima hata kama skrini yake haiitikii, malipo yanakataa, au waya wake ni mfupi kiasi cha kutofika kwenye gari. Dereva aliyefika na betri yenye asilimia nane anachohitaji ni umeme uingie, basi.

Kisha kuna suala la wastani. Kanuni za Uingereza zilizoanza kubana mwezi Novemba 2024 zinataka mtandao wa chaji ya haraka utegemewe kwa asilimia 99 kwa mwaka, lakini huo ni wastani wa mtandao mzima. Tuseme kampuni ina vituo kumi Mwanza mjini na kimoja Lamadi, kwenye barabara ya kwenda Bunda na Musoma, na hicho cha Lamadi kikafa wiki tatu mfululizo huku vingine vyote vikiwa vizima. Wastani wa mwaka bado utazidi asilimia 99, na kampuni itajisifu kwa haki kabisa, wakati wasafiri wa Bunda na Musoma walikosa huduma kwa wiki tatu. Dai takwimu za kituo kimoja kimoja, hasa vile vilivyo mbali na mji.

Jambo la tatu ndilo linalotugusa zaidi sisi. Nchini Marekani, vituo vinavyojengwa kwa fedha za serikali kuu hutakiwa kufikia asilimia 97, lakini saa ambazo shirika la umeme limekata umeme hazihesabiwi. Mtu wa Mwanza akikubali hesabu ya namna hiyo, atakuwa ameondoa kwenye mizani sababu ambayo huenda ndiyo itakayomkwamisha mara nyingi zaidi kuliko chaja mbovu. Uliza waziwazi: umeme ukikatika, kituo kina betri za akiba au genereta, na vinaweza kuchaji magari mangapi kabla ya kuishiwa?

Msomaji wa Igoma: Kipi bora, kituo chenye chaja moja ya kilowati 120 au chenye chaja nne za kilowati 50?

Mimi nachagua nne bila kusita. Ukichukua hali ile ya California, kituo cha plagi moja kitakuangusha zaidi ya mara moja katika kila safari nne, lakini plagi nne kuharibika zote kwa pamoja, ikiwa kila moja huharibika kwa sababu yake, ni jambo la chini ya asilimia moja. Zingatia sharti hilo, kwa sababu chaja nne zinazotegemea transfoma moja huzimika pamoja transfoma ikiungua. Aidha, chaja ya kilowati 120 yenye waya mbili mara nyingi hugawa nguvu yake magari mawili yanapochomekwa, kila moja likapata 60.

Msomaji wa Buhongwa: Shikamoo mzee. Nimeagiza Nissan Leaf ya mwaka 2018 kutoka Japani, yenye betri ya uniti 40. Nimesikia kuna chaja za kilowati 150. Nitajaza kwa dakika 15?

Marahaba, kijana wangu. Hapana. Kasi ya kuchaji hufuata kilicho kidogo kati ya chaja na gari, na gari lako hupokea takriban kilowati 50 tu kwa juu kabisa, na hupungua kadiri betri inavyojaa. Kutoka asilimia 20 hadi 80 unahitaji uniti 24 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa nzima), kwa hiyo tenga dakika 40 hivi. Baada ya hapo kasi hushuka sana. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, hivyo chaji ya haraka ya pili katika safari hiyohiyo, kwenye joto la mchana, huenda ikachukua muda mrefu zaidi.

La muhimu kuliko yote ni plagi. Leaf hutumia plagi ya aina ya CHAdeMO, yenye mdomo wa duara, ilhali vituo vingi vipya duniani hujengwa kwa CCS2, na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la China hutumia GB/T. Nenda kituoni kabla gari halijafika, uitazame plagi kwa macho yako: je, ni CHAdeMO kweli, je, imetundikwa mahali pake au imelala kwenye tope, na je, pini zake ni safi au zimeungua na kuwa nyeusi? Utunzaji wa plagi hueleza mengi kuhusu utunzaji wa kituo kizima.

Msomaji wa Kirumba: Bei ya haki ni ipi?

Dai bei kwa uniti, kama ya Luku. Bei kwa dakika huwaumiza wenye magari yanayochaji polepole: kwa shilingi 300 kwa dakika, gari linalopokea kilowati 45 hulipa shilingi 400 kwa uniti, na lilelile likishuka hadi kilowati 15 hulipa 1,200. Na malipo yakubalike kwa Lipa namba bila kulazimisha programu maalumu, kwani intaneti ikisumbua, programu nayo hukwama.

Msomaji wa Kisesa: Tukienda Musoma kwa Leaf ya uniti 40, na kituo ni kimoja tu, Lamadi, twende?

Kutoka Mwanza mjini hadi Musoma ni kiasi cha kilomita 220. Betri iliyotumika inaweza kuwa imebaki na uniti 32, na kwa matumizi ya uniti 16 kwa kilomita 100 zinakupa kilomita 200. Ukifika Lamadi ukakuta kituo kimezimika, utakuwa na nguvu ya kilomita 85 hivi, ambazo hazikufikishi Musoma wala hazikurudishi nyumbani, ingawa Bunda utafika. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, pigieni simu gesti ya Bunda yenye soketi imara yenye ethi (waya wa kwenda ardhini) na mwenyeji aliyekubali gari lichaji usiku kucha. Mkikosa gesti ya namna hiyo, pandeni basi.