Mwalimu, hii namba ya tarakimu 21 ni tasa au sio?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nimechukua 2 nikaipandisha kwa kipeo cha 67, nikatoa 1. Mdogo wangu anasema lazima jibu liwe namba tasa kwa sababu 67 yenyewe ni tasa. Nimegawa kwa 3, 7, 11, 13 mpaka nimechoka, haigawanyiki, na kalkuleta ya simu inaandika 1.4757E20 basi. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mdogo wako hayuko peke yake, hata padri Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1644 aliiweka 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyotoa tasa. Lakini sio tasa. Jaribuni ndogo kwanza: 11 ni tasa si ndio, sasa 2 kwa kipeo 11 toa 1 unapata 2047, ambayo ni 23 mara 89, kwa hiyo hoja ya 67 ni tasa haitoshi.

Hiyo E20 achana nayo, kalkuleta imekata mkia na kwenye mambo ya kugawanyika mkia ndo kila kitu. Namba nzima ni 147573952589676412927.

Halafu 3, 7, 11 na 13 hukuwa na haja ya kuzigusa kabisa, maana kigawo tasa chochote cha namba hii ukikitoa 1 lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara 2. Rudi kwenye 2047 uone, 23 toa 1 ni 22, 89 toa 1 ni 88, zote zinagawanyika kwa 22. Ni njia ya mkato nzuri sana ila bado safari ni ndefu, kwa sababu kigawo kidogo cha namba yako ni 134 mara 1445580 ujumlishe 1!

Ninachokipenda zaidi hapa ni kwamba mwaka 1876 mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha sio tasa bila kuonyesha kigawo hata kimoja. Njia yake ilivyoboreshwa iko hivi: anza na 4, ipandishe mraba, toa 2, gawa kwa namba yako ubakize baki, rudia. Kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo 5 toa 1, unapata 4, 14, halafu 194 inabaki 8, halafu 62 inabaki 0, tumerudia mara 3 tu (kipeo 5 toa 2) na baki ni sifuri basi 31 ni tasa. Kwa namba yako unarudia mara 65, yaani 67 toa 2, na sifuri haiji.

Vigawo vyenyewe alivitoa Mmarekani Frank Nelson Cole mwaka 1903 kwenye mkutano wa wanahisabati New York, na inasimuliwa alizidisha ubaoni kimya kimya akarudi kukaa, ukumbi ukapiga makofi. Ni 193707721 mara 761838257287. Chukueni karatasi ya miraba wewe na mdogo wako mzidishe kwa mkono, kila tarakimu na kisanduku chake, mtaikuta yote mpaka ile 7 ya mwisho.