Kabla ngoma haijalia: kwa mnaoanza kazi katika kituo cha sanaa cha mtaa, Lamu

Wiki ya kwanza utapewa meza, ufunguo wa stoo na orodha ya namba za simu. Vipokee, kisha alasiri, watu wakishaswali, toka nje. Ukiwa mwanamume, pita barazani, toa salamu, ukae. Ukiwa mwanamke, piga hodi majumbani. Kwenye saa kumi na nusu hivi kina mama wamepumua kidogo, chai iko jikoni, na mtu ana nafasi ya kukusikiliza. Utaulizwa wewe ni mwana wa nani, umefikia kwa nani, umekuja kwa kazi gani. Jibu yote bila haraka, na siku hiyo usiitaje shughuli yako kabisa.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta. Mimi nimezaliwa Langoni, hapa hapa Lamu, na bado shughuli yangu ya kwanza niliitangaza kwa mabango na ujumbe wa simu peke yake. Walikuja wageni 14 kutoka mahotelini, na watoto waliokuwa wakipita njia. Watu wa mtaa hawakutususia. Kwa hesabu yao hawakualikwa, maana hakuna aliyefika mlangoni kuwaambia. Tangu siku ile nikijiuliza kama watu watakuja, nauliza kwanza ni nani aliyekwenda kuwaita.

Jambo la pili ni siku yenyewe. Kalenda ya ukutani haitakutosha. Miezi ya Kiislamu hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyokupa umati mwaka huu huenda miaka miwili mbele ikaangukia Ramadhani. Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi. Wageni wa Msikiti wa Riyadha hutoka pwani nzima, nyumba zinajaa, na vijana wa matwari, hizo ngoma za Maulidi, hawana usiku wa kupumzika. Usipange shindano la kuchora wakati huo ukashangaa kuona viti vitupu. Nenda ukaulize kama kuna mkono unaotakikana.

Halafu kuna maji. Ukialika wasanii wa Siyu au Faza, kisiwani Pate, zungumza na nahodha kabla ya kumtajia mtu yeyote saa. Pale Mkanda, mlango wa maji baina ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakitoka chombo kikubwa hakipiti, nayo hujaa kwa kuchelewa karibu dakika 50 kila siku. Saa iliyofaa Jumatatu haifai tena Alhamisi. Mwaka mmoja niliwapangia wapiga ngoma na mpiga zumari saa yangu, si saa ya maji. Walikwama, wakashuka kusukuma, wakatufikia saa mbili usiku na matope hadi magotini. Hadhira ilikuwa imekwenda zake. Walipiga vivyo hivyo, kwa ajili ya watu saba na wapishi wetu, na mimi sikuweza kuwatazama usoni.

Adhana nadhani hamhitaji kufundishwa, ila jambo moja: mji huu una misikiti zaidi ya 20 na adhana hazianzi pamoja. Zima spika mapema, na usiwashe mpaka umesikia ya mwisho.

Sasa nifikie kile ninachokijali kuliko vyote, yaani huku kunakoitwa kubadilishana utamaduni. Tulimwalika bibi mmoja wa Matondoni, fundi wa mikeka. Tukamkalisha mbele, wageni wakamzunguka, wakampiga picha, wakampigia makofi. Alisuka kwa dakika 40, akala, akapanda mashua kurudi kwao. Siku chache baadaye nilimwuliza aliionaje siku ile. Akanijibu kwa neno moja tu: “Nimetizamwa.”

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Tulipomwalika tena tulifanya vingine: watu sita tu, asubuhi nzima, kila mmoja na fungu lake la ukindu uliokwisha kulowekwa. Bibi akawaonyesha kuchana jani kwa ukucha wa kidole gumba mpaka chane zikawa na upana mmoja, kisha akawaanzishia ukili, huo utepe mrefu unaosukwa kwanza ndipo ushonwe kuwa mkeka. Alikuwamo msichana kutoka Kisumu ambaye kwao husuka vikapu kwa magugumaji ya Ziwa Victoria. Ukili wake ulipinda kama mkono wa ngisi, kwa sababu alikuwa akivuta kila chane kwa nguvu aliyozoea kuvutia magugumaji. Bibi aliufumua, akaushika mkono wa msichana, wakavuta pamoja, polepole. Kisha akamwuliza: nyinyi kwenu ukingo mwaufungaje? Msichana akachukua mabaki ya ukindu akamwonyesha. Bibi alijaribu mara mbili, akakosea, akacheka, mara ya tatu akapata. Walizungumza juu ya ukingo wa kikapu mpaka chakula kikapoa. Kipande kile bibi alikitia mkobani akaondoka nacho.

Hiyo ndiyo kazi mnayokuja kuifanya. Mgeni akija, Mfaransa awe, Mkenya wa bara awe, mwulizeni ana nini mikononi mwake cha kuwafunza wenyeji, na atakaa muda gani. Kama jibu ni kamera na saa moja, mwelekezeni makumbusho, ni mazuri sana, na bibi wa watu mmwache nyumbani kwake.

Na mlipe. Kijana wa kirumbizi, ngoma ya fimbo, anayekuja na fimbo yake ni msanii sawa na mchoraji aliyekuja kwa ndege. Fedha yake aipate mkononi siku ile ile, kiasi mlichokubaliana, na asiombwe kungoja “wafadhili”. Tuzo anayotunzwa uwanjani ni yake, haihesabiwi kuwa malipo.

Kina mama wana mambo yao, na hapa nilikosea vibaya. Walikubali kutuchezea vugo katika ua wetu wa ndani, wanawake peke yao, zile pembe zao zikigongwa kwa vijiti na nyimbo za harusi zikijibizana. Niliwaahidi hakuna picha. Mgeni mmoja alikuwa na simu chini ya mtandio. Pembe zilinyamaza zote kwa pamoja, wakavaa mabuibui yao, wakatoka. Yalinichukua miezi minane ya kwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na wengine hawajarudi hadi leo. Tangu hapo simu hukusanywa mlangoni katika kapu, yangu ikiwa ya kwanza.

Lugha pia. Wengi wenu mtatoka Mombasa, Nairobi au Tanga na Kiswahili chenu safi. Katika mazoezi ya maigizo mtoto atawaambia “yeo” na “yana”, ataomba “mai”, atasema “ndoo” akimwita mwenzake. Msimsahihishe. Nimemwona mwalimu wa maigizo akimrudisha mtoto kwenye “leo” mara tatu mbele ya wenzake, na mtoto yule, aliyekuwa na sauti kuliko wote, hakufungua mdomo tena mpaka mwisho. Kiamu, hiki Kiswahili cha Lamu, ni lugha ya mashairi tangu zamani. Mwacheni aigize kwa hicho.

Mahali pa kukutania si lazima pawe pakubwa. Ngome iko katikati ya mji, ilijengwa kati ya 1813 na 1821, na wageni huipenda. Lakini ilikuwa jela hadi 1984. Malenga mmoja mzee alifika mlangoni, akasimama, akasema humo haingii, nduguye alifungwa humo. Tulilibeba jamvi tukalitandika nje, uwanjani Mkunguni, akaghani chini ya miti, na waliopita njia wakakaa.

Mengine mtayajua kwa kuyafanya: magari hayaingii vichochoroni, basi mwagizeni mwenye punda tangu jana yake, umeme hukatika, wekeni taa za akiba, chakula kizidi hesabu yenu.

Asubuhi ya pili, majamvi na masinia ya watu yarudishe wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Sinia lisirudi tupu. Tia hata mahamri mawili. Mwenyewe atakuuliza shughuli ilikwendaje. Kaa umsimulie, na umwulize yeye angependa nini. Usiku wetu wa mashairi, huu wa kila mwezi mpevu, ulianzia jikoni kwa mama mmoja siku niliyokwenda kumrudishia birika lake.