Ukiambiwa uko kwenye "bad books" za bosi

Saa tisa usiku, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi huku Uingereza, nilikuwa nafungua daftari la kukabidhiana zamu ukurasa kwa ukurasa, natafuta jina langu. Zamu ya nyuma yake nilisahau kujaza fomu ya maji ya bibi mmoja, ile ya kuandika amekunywa kiasi gani na saa ngapi. Msimamizi akaniambia, "You're in my bad books," yaani neno kwa neno, uko kwenye vitabu vyangu vibaya, akaondoka zake.

Mimi nimesoma shule ambako monita anaandika majina na karatasi inapelekwa kwa mwalimu wa zamu. Nikajua nimeandikwa. Viza yangu inamtegemea mwajiri, kwa hiyo usingizi uliniruka.

Ndugu yangu uliyekuja juzi, hakuna kitabu. Maana yake amekuudhikia, basi. Ukiwa kwenye "good books" zake una kibali kwake. Ni msemo wa kale: katika tamthilia ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600, mjumbe anamwambia Beatrice kwamba anaona yule bwana wanayemzungumzia hayumo vitabuni mwa Beatrice. Ukisikia mtu yuko "in the doghouse", yaani kwenye kibanda cha mbwa, ni mambo hayohayo, mara nyingi mke kamnunia mumewe. Kwetu kumhusisha mtu na mbwa ni tusi zito. Kwao hapo hakuna aliyetukanwa.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Wiki nzima nilijikomba: nampelekea chai, nachukua zamu ambazo wenzangu hawazitaki, hadi mgongo ukaniuma. Nilipomwomba radhi tena, alinitazama kwa mshangao. Alishasahau. Ningemuuliza palepale, "Nimekosea wapi nirekebishe?", ningelala.

Ila kuna jambo lisilo la kupuuza. Mwajiri akikuandikia barua na kukuita kwenye kikao cha nidhamu, hapo si msemo tena. Sheria ya huku inakupa haki ya kuomba uingie na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Itumie, tafadhali, hata kama Kiingereza chako kimenyooka. Nimeona watu wakiingia peke yao kwa aibu, wakaitikia kila kitu.

Fomu ya maji ya yule bibi siku hizi naijaza hapohapo, kikombe kikiwa bado mkononi mwake.