Mleta mada, hiyo "anadaiwa" umeipachika pasipohusika

Mkuu, usimtumie mhariri hiyo habari. Umeuliza tofauti ya "alleged", "reportedly" na "purported" unapotafsiri habari za mahakamani kutoka Kiingereza, lakini mfano wako wenyewe ndio wa hatari: "Mwizi wa pikipiki anadaiwa kukamatwa na polisi jana."

Kukamatwa hakudaiwi! Polisi wamemkamata, yuko mahabusu. Kinachodaiwa ni wizi, na huo umeshauhukumu kwa kumwita "mwizi". Andika: "Polisi wamemkamata mwanamume wanayemtuhumu kuiba pikipiki." Kabla ya kuandika "alleged" kwa Kiswahili jiulize: nani anadai, na anadai nini hasa? Ukikosa jibu la "nani", rudi kwenye habari ya Kiingereza ukamtafute. Asipokuwepo hata huko, sentensi hiyo iache.

Kosa hilihili limejificha kwenye "amekamatwa kwa kosa la wizi". Tunaiandika kila siku, na maana yake ni kwamba kosa lipo na ni lake. Sema "kwa tuhuma za wizi". "Kosa la" lisubiri mashtaka: "ameshtakiwa kwa kosa la wizi" ni sawa, kwa kuwa hapo unataja shtaka. Hata hivyo bado ni mshtakiwa tu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na ya Kenya, ibara ya 50(2)(a), inamhesabu hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo.

Halafu angalia aya ya tatu ya habari yako, maana wengi huangukia huko. Juu umeandika vizuri "anatuhumiwa kumchoma kisu jirani yake", chini unasema "baada ya kumchoma kisu, mtuhumiwa alikimbia". Umeshamfunga! Tuhuma haijibebi yenyewe hadi mwisho wa habari. Irudishe kila tendo la ubishi linapotajwa: "kwa mujibu wa hati ya mashtaka, alimchoma kisha akakimbia".

Wanaonikera ni wale wa semina wanaofundisha kwamba ukiweka "inadaiwa" hushtakiki. Wanawaponza vijana wa watu. Katika sheria ya kashfa tuliyoirithi kutoka Uingereza, anayerudia kashfa ya mwenzake huhesabiwa kama ameisema mwenyewe, hata akitanguliza "inadaiwa" au "inasemekana". Kinachosaidia ni kuripoti kwa haki na usahihi yaliyosemwa katika mahakama ya wazi, ukimtaja aliyeyasema: mwendesha mashtaka, shahidi, au mshtakiwa alipokana.

Na "anadaiwa" isogeze karibu na kitenzi chake. "Anadaiwa, pamoja na wenzake wawili, shilingi laki tano kuziiba dukani": msomaji akifika kwenye laki tano anadhani ni deni la mkopo. "Anadaiwa kuiba shilingi laki tano dukani akiwa na wenzake wawili" haina utata. "Eti" usiiguse kabisa kwenye habari, inamcheka mlalamikaji.

Hiyo "purported letter" ya swali lako ni "barua inayodaiwa kuandikwa na waziri", si "inayodaiwa kuwa barua". Karatasi ipo mezani, watu wameishika. Shaka iko kwenye sahihi.