Hisa 100, soko limetulia: uuze opsheni au ununue?

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue au uuze opsheni za kununua (mikataba inayompa mnunuzi haki, si lazima, ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa kabla ya tarehe fulani), kwa kuwa hisa zako 100 za kampuni ya Marekani zimezunguka dola 50 kwa miezi. Kwa hali hiyo ningeuza. Mkataba mmoja hubeba hisa 100, kwa hiyo zako zinatosha kabisa. Ukiuza haki ya kununua kwa dola 55 na kulipwa dola 1 kwa kila hisa, unapata dola 100 papo hapo. Bei ikibaki chini ya 55 hadi mkataba uishe, hela na hisa vyote ni vyako. Ikifika 70, utaziachia kwa 55, basi chagua bei ambayo kweli uko radhi kuuzia. Na ikiporomoka, ile dola moja haikukingi chini ya 49.

Usiuze kamwe opsheni za kununua bila kumiliki hisa zenyewe, nakusihi. Hasara yake haina kikomo.

Ukihofia anguko, nunua opsheni ya kuuza, yaani haki ya kuuza hisa zako kwa bei iliyopangwa, ila mapema. Hofu ikishaingia sokoni, kinga huwa ghali mno: Machi 16, 2020 faharasa ya VIX, kipimo cha mtikisiko unaotarajiwa katika soko la hisa la Marekani, ilifunga 82.69, kiwango cha juu mno. Hata kabla ya kampuni kutoa matokeo ya robo mwaka bei ya opsheni hupanda hivyo, kisha hushuka taarifa ikitoka. Unaweza kupatia mwelekeo na bado ukapoteza.

Ukitarajia hisa kupanda kidogo tu, nunua opsheni ya kununua ya dola 50 na uuze ya kununua ya dola 55 ya tarehe ileile. Hasara haitazidi ulicholipa.