Umekwama msituni kwenye gemu la Year Walk? Anza na hedifoni

Mkuu, umesema unazunguka tu kwenye theluji na mlio wowote unakushtua. Pole, ila hedifoni usizivue. Gemu hili la studio ya Simogo (2013) halina mapigano. Mafumbo yake mengi yamefichwa kwenye sauti na alama. Weka kalamu na karatasi jirani, na kila alama uionayo ichore papo hapo.

Kama unacheza toleo la kompyuta, mna ramani na ensaiklopidia humo humo. Soma kuhusu mylings, mizuka ya watoto wachanga waliouawa katika ngano za Uswidi. Ndio utakaotumwa kuwatafuta na yule farasi wa kijitoni aliyevaa suti (huyo, kusema kweli, anatisha kuliko wote!).